Kilio cha Mazoezi

Mchungaji alikuwa akijaribu kulia. Alikuwa peke yake katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu, mlango umefungwa, na hakuna aliyemwona. Lakini maiki ndogo ilikuwa imebanwa kwenye kola yake, na kama kawaida yake kila Jumapili, alikuwa amesahau kuizima.

"Bwana..." alisema, sauti ikapasuka kidogo. Akakohoa. "Hapana. Bwaaana... Ee Bwana, yatazame machozi haya." Akajipima. "Naam. Hapo sawa."

Upande wa pili wa ukumbi, ndani ya kibanda cha vioo, fundi wa mitambo ya sauti alimsikia neno kwa neno kupitia vifaa alivyovaa masikioni. Zamani angecheka mpaka mbavu zimuume. Akirudi nyumbani angemwigizia mkewe kilio kile, na mkewe, ambaye watu walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, angemtupia kitambaa cha sahani. "Mwache," angesema. "Mungu mwenyewe anamsikia, tena anajua kucheka kuliko wewe."

Siku hizi fundi hakucheka. Aliweka kidole kwenye kitufe cha maiki ya Mchungaji, kitufe cha kusukuma juu na chini, akakiacha hapo. Kukisukuma juu kidogo tu kungetosha, na spika zote za ukumbi zingemvua mtu yule nguo mbele ya kadamnasi. Naye aliichagua siku. Askofu alikuwa ameketi mstari wa mbele, amekuja kumweka Mchungaji juu ya makanisa yote ya eneo lile. Kwaya ikimaliza, waumini wangeinamisha vichwa kwa sala ya kimya, na katika kimya hicho hata unyoya ungeanguka ukasikika.

Kisasi hiki alikuwa amekilea tangu mazishi ya Chiriku. Siku ile alikaa na wafiwa wenzake, lakini mitambo ilipoanza kupiga mluzi alinyanyuka kwenda kuitengeneza, maana hapakuwa na mwingine wa kuijua. Akabaki hapo kibandani, macho mekundu, akimsikiliza Mchungaji akihubiri juu ya jeneza. Mchungaji alikuwa na kasoro moja ambayo waumini hawakuijua: sauti yake ilizama mwishoni mwa kila sentensi, na fundi ndiye aliyeiinua kwa kidole. Basi Mchungaji aliposema, "Dada yetu angepona, wapendwa, ila alipungukiwa na imani," kidole cha fundi kilikwenda juu kwa mazoea tu. Yale maneno ya mwisho yakawafikia hata waliosimama nje kwenye jua. Aliyeyapaza dhidi ya mkewe alikuwa yeye mwenyewe.

Watu walimsifu kwa kuendelea na huduma. Walisema amesamehe, ana moyo wa dhahabu. Alikuwa akiitikia Amina mahali pake, kwa sauti safi, huku akichemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Kusema kweli hata kabla ya msiba hakuwa na mazungumzo na Mungu. Alikuwa akizitengeneza sala za wengine, anaondoa mikwaruzo, anaongeza uzito kidogo, na kazi hiyo aliihesabu kuwa ndiyo kusali. Mwenye kusali alikuwa Chiriku. Alisali akiosha vyombo, akipiga pasi, hata akitafuta kiatu chini ya kitanda, na wala hakupamba maneno. "Usijifanye hunisikii," alikuwa akimwambia Mungu, mkono kiunoni. "Leo umeniudhi, na nakwambia usoni." Fundi alikuwa akimtania kwamba siku moja atachapwa na radi.

Kwaya ikamaliza. Vichwa vikainama. Masikioni mwa fundi, Mchungaji alikuwa amerudi kazini: "Bwaaana..."

Sasa. Kidole kikakaza. Utamu wa kile alichokaribia kukifanya ukampanda kichwani.

"Mwaibishe," alinong'ona. Hakujua alikuwa akimwambia nani. "Mwangushe mbele ya Askofu wake. Watu wamcheke barabarani, watoto wake wasikie. Alale na aibu, aamke nayo, kama mimi ninavyolala na kuamka na maneno yake." Vioo vya kibanda vikaanza kuingia ukungu wa pumzi yake. "Na Wewe! Wewe ulikuwepo. Ulimsikia akisema mke wangu hana imani, mwanamke aliyezungumza nawe kutwa kucha mpaka mimi nikamwonea wivu. Kaumwa anakuita, kafa anakuita, na hukuja. Halafu ukakaa kimya yule mtu akimtukana kwenye jeneza lake. Nakuchukia. Unanisikia? Usijifanye hunisikii!"

Akashtuka. Maneno yale hayakuwa yake. Aligeuka nyuma kabisa, kama kwamba angemkuta amesimama pale, mkono kiunoni.

Machozi yalikuwa yakimtoka, bila mazoezi yoyote, yakidondokea mitambo. Aliyafuta kwa mkono uleule uliokuwa kwenye kitufe. Alikuwa na mengine ya kusema, mengi, yamempanda kooni yanasukumana, na alipotupa macho ukumbini sala ya kimya ilikuwa imekwisha, kinanda kimeanza na Mchungaji ametokea madhabahuni.

Mchungaji akalia vizuri sana. Askofu alitoa leso. Ila kila sentensi ilipozama mwishoni, kidole cha fundi hakikwenda popote, na watu wa nyuma wakawa wananyoosha shingo na kuulizana amesema nini.

Ibada ilipokwisha na pongezi zikapoa, Mchungaji alikuja kibandani kurudisha maiki, vazi la cheo kipya begani.

"Fundi, wa nyuma wanalalamika. Hawakunisikia."

"Mimi nilikusikia, Mchungaji."

"Kumbe mitambo ilikuwa salama?"

"Ni salama. Nakusikia kila Jumapili, ukiwa kule chumbani. Huwa unasahau kuizima."

Mchungaji aliitazama ile maiki kiganjani. Tabasamu lilimganda, kisha likamtoka polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu mke wangu akiwa hai."

"Na... umemwambia nani?"

"Nilimwambia yeye. Akanikataza nisikucheke." Fundi alikunja waya taratibu, asimtazame. "Na leo nimemwambia Mungu. Nimekusema vibaya sana, Mchungaji. Sijakusamehe, usije ukadhani."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Mchungaji aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo, haina pambo.

"Akasemaje?"

"Hajajibu. Bado tunazozana."

Mchungaji aliiweka maiki mezani kwa uangalifu, akaizima, akahakikisha imezimika, akaondoka.

Fundi alizima taa za mitambo. Akavuta kiti cha pili, kile ambacho Chiriku alikuwa akikalia kumsubiri amalize kazi, akakiweka mbele yake. Akavua vifaa vya masikioni.

"Haya," alisema. "Sijamaliza."