Uzi kwenye Mpira wa Mwinyihaji

Siku ya kumwoza binti yetu Dhahabu, mume wangu Mwinyihaji aliamka akitabasamu, nami nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Mwinyihaji si mtu wa kutabasamu kabla ya chai, na chai yenyewe alikuwa ameikataa.

Tangu arudi kutoka hospitali alikuwa haingii msikitini. Tezi dume ya uzeeni ilimfunga mkojo. Kule ng'ambo ya kivuko walijaribu kwanza kumpitisha mpira mwembamba kwa njia ya mbele, ule wa kutia na kutoa, ukagoma. Ndipo daktari akampasua chini ya kitovu, akatia mpira mwingine moja kwa moja kwenye kibofu, ukabaki humo, mkojo ukawa unashukia kwenye chupa aliyoifunga pajani. Maumivu yaliisha, lakini akajiona najisi. Akasema kama hali ni hiyo, mdogo wake aje kutoka Mtopanga amwoze Dhahabu. Mdogo mtu ambaye hata kumjulia hali mgonjwa hakuja. Nilimwambia hilo halitatokea mimi nikiwa hai.

Sasa asubuhi hiyo ananiambia, "Mama Dhahabu, nitamwoza mwenyewe. Mwili umetulia."

Nikatazama chupa. Ilikuwa kavu.

Kufika adhuhuri jasho lilikuwa likimtiririka na tumbo limekuwa gumu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kulala hawezi, kusimama hawezi. Uani wanawake wanapika pilau, nikaha ni baada ya sala ya alasiri, na mimi nawaza kivuko na kisu cha daktari. Niliogopa sana. Nikatuma aitwe Absalom, dresa wa zahanati ya hapa Likoni.

Absalom akaja na beseni na mipira iliyochemshwa. Nikamwambia amtie upesi ule wa mbele.

"Njia ile imebanwa na tezi, mama," akasema. "Nikilazimisha nitamjeruhi. Huu wa tumboni ndio mlango wake sasa. Ukiziba, nausafisha kwa maji. Tuutazame kwanza."

Mume wangu akaishika kanzu isifunuliwe. Nikamwondoa mikono mwenyewe. Mpira ulikuwa umekunjwa, ukazungushiwa uzi mweupe na kukazwa kwa fundo. Uzi niliutambua. Ulikuwa wangu, uliobaki nilipomfumia bwana harusi kofia.

"Nilitaka udhu unikae," Mwinyihaji akasema kwa sauti ndogo. "Angalau mpaka nimwoze. Na maji sikunywa tangu jana."

Maneno ya kumkemea nilikuwa nayo mdomoni. Absalom akakata uzi, na mkojo ukamiminika ndani ya beseni, mzito, wa rangi ya chai. Mwinyihaji akafumba macho na machozi yakamtoka. Nami nikalia, nikacheka, nikamwita mpumbavu, yote kwa pamoja. Absalom akajifanya anapanga vyombo vyake.

Hata hivyo tumbo lilipolegea, uso wake ulibaki umekunjamana. Alisema mdogo wake aitwe.

Sheikh Bakari, imamu wetu, ndiye aliyefika kwanza, amekuja kumchukua waende msikitini. Nilimweleza kila kitu pale mlangoni bila kuona haya, maana mume wangu angeenda na siri hiyo kaburini. Sheikh akaingia, akaketi kando yake kitandani.

"Mwinyihaji, si ungeniuliza? Asiyeweza kuuzuia mkojo, wakati wa sala ukiingia humwaga kilicho chupani, akajisafisha, akatawadha, akaswali. Kitakachoshuka baada ya hapo ni udhuru. Hakikuvunjii kitu."

"Niliona haya, Sheikh."

"Haya ya nini? Safu yangu ya mbele yote ni wazee. Waulize habari za tezi zao."

Mwinyihaji akacheka mpaka akashika kidonda chake. Adhana ya alasiri ilipolia alikuwa ameshatawadha, kanzu safi, chupa pajani, uzi hakuna. Nikamsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona.

Mimi nilibaki na wanawake, naonja pilau bila kusikia ladha yake. Aliporudi alikuwa na harufu ya udi na kipande cha halua amenishikia kwenye leso.

"Umemwoza?" nikamwuliza.

"Nimemwoza mimi."

Akakaa, akavua kofia, akaniomba maji. Akanywa kata nzima, kisha akaninyooshea nimjazie nyingine.