Siku Tatu za Kuvaa Pompe

Apolline alianza kujidunga insulini akiwa na miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa na arobaini na miwili. Pale mjini Kasongo watu walimwita Mama Josué, kwa jina la mwanawe, na walimjua kwa mikate aliyoichoma kwenye furu ya udongo nyuma ya nyumba yake. Habari za sindano walizijua wachache. Chupa zake za insulini alizihifadhi ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi, kwenye kona isiyofika jua, na mara nne kwa siku alijidunga upesi, bila kufikiri sana, kama mtu anayefunga kitenge.

Mwezi wa saba mdogo wake Aimée alikuja likizo. Aimée ni muuguzi huko Ubelgiji, na nyumbani hakuwa ameonekana kwa miaka sita. Siku ya pili akatoa kwenye sanduku kitu cheusi, kidogo kama simu ya vibonyezo, chenye mpira mwembamba mrefu.

"Yaya, hii ni pompe ya insulini," alimwambia dada yake. "Mugonjwa wetu mumoja alipata mpya, akaniachia hii. Unaivaa kiunoni, inakupa insulini kidogo kidogo, mchana na usiku. Ukitaka kula, unabonyeza. Mambo ya kujidunga kila saa yamekwisha."

Apolline aliipima mkononi. "Iko nyepesi," alisema.

Aliyefurahi kuliko wote ni Léon, mume wake, mwalimu wa shule ya msingi. Mwezi wa tatu alikuwa ametoka kazini akamkuta mkewe ameketi chini karibu na furu, jasho linamtiririka, akiulizwa hili anajibu lile. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Alimpa maji ya sukari, akanywa taratibu mpaka akili zikamrudia. Tangu siku hiyo Léon alifundisha huku masikio yake yako barabarani, akingoja mtu wa kumwita. Hakumwambia mkewe.

Walikwenda wote watatu kwa Dokta Ayoubu, daktari aliyemfuatilia Apolline kwa miaka mingi. Aliichunguza ile pompe, akamuuliza Aimée maswali, kisha akasema, "Musikimbie. Tuijaze maji ya chumvi ya hospitali, si dawa. Mama Josué aivae siku tatu na aendelee na sindano zake kama kawaida. Akiisha kuishi nayo, yeye mwenyewe ataamua."

Siku ya Ijumaa Aimée alimwingizia tumboni kisindano laini cha mwisho wa mpira, akakibandika kwa plasta, na pompe akamvalisha kiunoni. Mpaka jioni Apolline alikuwa ameisahau.

Jumamosi kulikuwa na karamu ya mahari kwa binamu yao. Kwa kawaida chakula kilipoletwa Apolline aliinuka, akaomba chumba, akajifungia kujidunga, na aliporudi mazungumzo yalikuwa yamekwisha kuhamia kwingine. Safari hii alijidunga nyumbani kabla ya kutoka, kisha sahani zilipopangwa akabonyeza kidude chini ya kitambaa, kwa kujaribu tu, akabaki pale pale akicheka na shangazi zake. Njiani kurudi alimwambia Léon, "Leo nimekula kama watu wote." Léon akadhani shauri limekwisha, pompe itabaki.

Jumatatu ilikuwa siku ya mikate. Apolline alikanda unga tangu asubuhi, na furu ilipopata moto akaanza kuingiza na kutoa kwa koleo refu la mbao. Jasho likalegeza plasta. Mara mpini wa koleo ukanasa ule mpira, ukavuta, na kile kisindano laini kikachomoka tumboni. Hakuumia sana. Aimée alikuja, akakishika kile kidude, akashtuka.

"Yaya, kimepata moto."

"Kila siku ya mikate niko hapa saa ine nzima."

Aimée alijua insulini ikipata joto kama lile inaharibika, na mtu hawezi kulitambua hilo kwa macho.

Mchana, baada ya kula, Apolline aliwaambia alichoamua. "Nitabaki na sindano."

Aimée alitazama pembeni. "Nimeibeba njia yote hii, yaya."

"Najua. Na nimeipenda. Lakini niambie, mipira hii inabadilishwa lini?"

"Kila siku tatu."

"Na uliyoleta?"

"Ya miezi mine. Nitatuma mingine."

"Itoke kwako, ipite Kinshasa, ipite Kindu, inifikie. Ikichelewa? Au ikizibika niko Lusangi kwa mama mukwe?"

Aimée alijibu kama muuguzi, si kama mdogo wake. "Pompe ikisimama, baada ya saa chache sukari inapanda sana. Lazima sindano ziwe karibu."

"Basi sindano haziniachi. Afadhali niwe na kitu kimoja ninachokijua."

Ndipo Léon akasema kile alichokificha tangu mwezi wa tatu. "Mimi nilitaka ikulinde. Nikiwa darasani naogopa nitakukuta chini tena."

Apolline alimgeukia mumewe. "Ungeniambia, Baba Josué."

"Hii haina kipimo ndani yake," Aimée alisema polepole. "Haioni sukari ikishuka. Shemeji, kinachomulinda ni kupima mara nyingi, na dokta apunguze dawa siku za kukanda."

Kesho yake walirudi kwa Dokta Ayoubu, naye akapanga hivyo: siku za mikate dozi ya asubuhi ipungue, apime kabla ya kukanda na katikati ya kazi. Aimée alimwachia mashine yake ya kupimia sukari na maboksi ya vikaratasi vyake vya kuwekea tone la damu, ambavyo hata duka la dawa la Kasongo lilikuwa navyo. Léon naye alijifunza kusoma namba za mashine hiyo.

Kwenye karamu nyingine, wiki mbili baadaye, Apolline hakuomba chumba. Alitoa sindano kwenye mkoba, akageuka kidogo, akajidunga palepale kwenye kiti. Shangazi mmoja akamuuliza kama inauma. "Kidogo tu," alijibu, akavuta sahani ya samaki.

Aimée aliondoka mwisho wa mwezi wa nane. Pompe aliipeleka Bukavu, kwa rafiki yake anayetibu wagonjwa wa kisukari. Asubuhi ya safari Apolline alimfungia mikate minane kwenye kitambaa, ingali na moto, na mwenye pikipiki aliyembeba akaanza kula mmoja kabla hawajatoka mjini.