Gauni Lisilofuliwa

Walimwita Gundi, na jina lilimkaa sawasawa, maana vidole vyake havikuwahi kutakata. Alikuwa anachukua nguo za marehemu, anazishindilia mifuko ya plastiki ndani mpaka zifure, kisha anazipaka rezini, gundi inayokauka ikawa kama plastiki, kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, mpaka zikauke na kukakamaa. Akishatoa mifuko, nguo inabaki imesimama peke yake, kifua mbele, kana kwamba mwenyewe katoka mara moja tu.

Kiwanda cha nguo kilipoungua, milango ikiwa imefungwa kwa nje, Gundi alipita nyumba kwa nyumba kuomba nguo za mafundi waliofia humo. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya shangazi yake. Shangazi alimpoteza binti yake wa pekee katika moto ule.

Alimtolea gauni la kijani, limo ndani ya mfuko uliokazwa fundo. Binti alilivaa siku moja kabla ya moto.

"Nakuazima, sikupi," alisema. "Na usilifue, mwanangu. Nakukanya."

"Sitalifua, shangazi. Haki ya Mungu."

Na kweli hakulifua, hapo mtu asimsingizie. Kwenye mkono wa gauni kulikuwa na doa la mafuta ya cherehani, na Gundi alilipaka rezini polepole lisije likafifia, akidhani doa ndilo alilokanywa. Hakuwaza jingine. Miaka ya kuvuta mvuke wa rezini, barakoa ikining'inia shingoni kwa uvivu tu, ilikuwa imeiua pua yake. Nguo kwake ilikuwa rangi na mikunjo, basi.

Siku ya ufunguzi wa maonyesho ya nguo hizo ukumbi ulifurika wale watu wanaotazama kazi kwa jicho moja, na kwa la pili wanaangalia nani kawaona. Shangazi aliingia na mfuko wake mtupu kwapani. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gauni la kijani, akazika uso kifuani, akavuta pumzi. Akahamia kwapani. Akahamia shingoni, akavuta tena kwa nguvu mpaka mabega yakapanda.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Gundi alimsogelea. "Shangazi, doa lipo, hebu tazama..."

"Doa la nini? Mimi nilikuwa nafungua mfuko kidogo, nanusa, nafunga upesi asije akaniishia." Sauti ilimkatika. "Umemfanya nini mwanangu? Ananuka ndoo mpya!"

Simu zikainuliwa. Mgeni mmoja akanong'ona kwamba igizo hilo limepangwa vizuri mno, na makofi yakaanzia nyuma yakaja hadi mbele. Gundi aliwapungia mikono wanyamaze, makofi yakazidi. Aliona aibu.

Shangazi aliling'oa gauni kwenye stendi. Akajaribu kulitia mfukoni, halikukunjika. Alipolisukuma, mkono wa gauni ukakatika kwa mlio mkavu. Hapo akaacha. Akalipakata hivyo hivyo, likiwa limekakamaa, akatoka nalo mlangoni katikati ya makofi.

Gundi aliokota ule mkono wenye doa. Akauweka puani, akavuta, akavuta tena. Hakusikia chochote.