Sitini Nyuma ya Kioo

Sifuri kwa thelathini. Batuli aliigeuza karatasi, akidhani labda alama zimeandikwa upande wa pili. Wapi! Maswali sita ya vioo vilivyopinda, mikwaju sita ya wino mwekundu, na chini kabisa mwandiko wa Mwalimu Yoramu: "Aondolewe fizikia."

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Ilikuwa Julai 1972, na Ijumaa hiyo shule ingepeleka majina ya watakaofanya mtihani wa fizikia wa kidato cha nne. Asiyekuwemo ausahau uhandisi. Batuli, binti wa fundi baiskeli wa Ipuli, alitaka kutengeneza vichwa vya treni, na tangu kidato cha pili hakutamani kitu kingine.

Alikaa chini akakagua hesabu zake upya, kando yake daftari la mwenzake. Mwalimu Anselm, aliyewafundisha kwanza, alisema umbali wa kila kitu kilicho halisi mbele ya kioo ni chanya, na wa taswira iliyo nyuma ya kioo ni hasi. Mwezi Mei akahamishiwa Urambo, akaja Yoramu. Huyu aliwaambia wahesabu kinyume: mbele ya kioo hasi, nyuma chanya. Hakumwuliza mtu walikuwa wamefundishwa nini. Wanafunzi wengine wakasahihisha madaftari yao kimya kimya, lakini Batuli wiki hiyo alikuwa hospitalini anatetemeka kwa malaria.

Kwa hiyo alipoandika hasi sitini, Yoramu alitaka chanya sitini. Yote mawili maana yake ni moja: sentimita sitini nyuma ya kioo. Mtu amesoma chuo kikuu halafu halioni hilo! Au analiona, hataki tu.

Batuli alikwenda ofisi ya walimu bila kubisha hodi vizuri.

"Shikamoo, Mwalimu. Majibu yangu ni sahihi."

"Marahaba. Alama zako za chanya na hasi zimepinduka, binti. Kwangu ni kosa."

"Zimepinduka zote sita, Mwalimu! Kosa gani hilo linalokwenda kwa mpango?"

"Punguza sauti."

Hakupunguza. Alichukua kioo mbonyeo, kilichopinda kwa ndani, kilichokuwa kabatini, kile chenye umbali wa fokasi wa sentimita ishirini, akakisimamisha mezani na kupima kwa rula sentimita kumi na tano. Hapo akaweka penseli.

"Tazama mwenyewe. Taswira imesimama wima, kubwa mara nne, na iko huko nyuma. Nikiiita hasi, itahama? Haya, sasa kwa chanya na hasi zako." Akaikokotoa hesabu ile ile kwa kanuni ya Yoramu, hasi kwa kila umbali wa mbele, ikatoka chanya sitini. "Unaona? Penseli haijui kama umehamia hapa Mei!"

Walimu wengine walikuwa wameacha kusahihisha. Mkuu wa shule, Bi. Apolinaria, alisimama mlangoni na kusikia yote.

Yoramu aliisukuma karatasi kando. Kisha akavuta orodha ya mtihani, akaandika jina la Batuli mwishoni, na mbele yake maneno mawili: "Kwa huruma."

"Nimekusamehe," alisema.

Batuli aliyasoma maneno yale, na hasira yote aliyokuja nayo ilikuwa ndogo kando ya hii mpya. Alichukua kalamu ya mwalimu mezani, akayakata kwa mstari mmoja.

"Ukikata hayo, nalikata na jina," Yoramu alisema.

"Likate. Nimekuja na hesabu, sikuja kuomba huruma."

Akairudisha kalamu mezani. Batuli alijua ametupa kila kitu, na bado hakutaka kurudi nyuma.

"Mwalimu Yoramu," Bi. Apolinaria alisema, "kwa kanuni aliyofundishwa, huyu mtoto amepata ngapi?"

Yoramu aliivuta karatasi tena. "Thelathini."

"Kwa ngapi?"

"Kwa thelathini."

"Basi iandike, na jina lake libaki. Na wewe Batuli, kwa kelele zako, wiki nzima utalima bustani ya mboga ya shule."

Yoramu aliandika thelathini kwa kalamu ile ile. Batuli alisubiri mpaka mwalimu alipomaliza tarakimu ya pili, akarudisha kioo kabatini, na kwenda kuchukua jembe. Hakumshukuru mtu.