Sharubati ya Siku ya Kuulizwa Rashad

Saleha alitaka sharubati ya ndimu iwe ya rangi tatu. Alilisema hilo tangu mwanzo wa juma, na kila alipolisema alikuwa na sauti ya mtu anayedai haki yake, ingawa nyumba nzima hakuna aliyempinga ila baba yake. Kwa Mzee Mbaruk, sharubati ya ndimu ilikuwa ndimu, maji na shira ya sukari. Ikipoa ikanyweka, kazi imekwisha.

"Mtoto anatimiza miaka saba mara moja tu, baba," alisema Saleha, akikata tikiti maji mezani.

"Na mimi nilitimiza saba mara moja tu. Sikumbuki kupewa kinywaji chenye povu."

"Ndiyo maana hucheki."

Rashad, aliyekuwa juu ya kigoda akinyonya kipande cha tikiti, alicheka hata akapaliwa, na babu yake ikambidi ampige mgongoni taratibu mpaka pumzi ikamrudia. Lakini wote watatu walijua kwamba karamu ile, katika nyumba ile ya Shella mjini Malindi, haikuwa karamu tu.

Miaka minne nyuma, Saleha na mumewe Farid walipoachana, walikubaliana mbele ya shekhe na wazee wa pande zote mbili kwamba mtoto alelewe na mama yake hadi afike miaka saba, umri wa kupambanua mambo. Hapo ataulizwa mwenyewe anataka kukaa na nani, na jibu lake halitapingwa. Mzee Mbaruk ndiye aliyesimama kudhamini maneno hayo. Aliahidi kwamba nyumbani kwake mtoto hatashawishiwa, hatatishwa, wala hatasimuliwa ubaya wa baba yake. Farid, ambaye kazi yake ni kuziba na kubadilisha magurudumu ya malori huko Mariakani, alimjibu kwa unyenyekevu, "Neno lako linanitosha, baba." Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika. Karamu ikishamalizika, Rashad angeulizwa.

Mzee Mbaruk alikulia katika shule ya bweni, mahali ambapo mvulana aliyevunja ahadi hakupewa adhabu yoyote. Wenzake walimnyamazia tu, na hilo lilitosha. Alitoka huko na shati lililopigwa pasi, mgongo ulionyooka, na imani kwamba mtu ni neno lake. Hakuwahi kuona sababu ya kuibadilisha.

"Usije ukamtia maneno mtoto," alimwambia bintiye, Rashad alipotoka kwenda uani.

"Sijamwambia lolote. Namtengenezea sharubati."

"Saleha."

"Nimtengenezee uji wa mgonjwa, baba, ndiyo itakuwa haki?"

Mzee alivua saa, akakunja mikono ya shati, akaisogeza sufuria ya shira mbele yake. Hakuweza kuona kazi ikifanywa ovyo karibu naye, hata kama ni kazi asiyoipenda.

Ndimu zililetwa na Kahaso, mama wa makamo kutoka Ganze aliyekuwa akiiuzia nyumba ile mahindi na matunda tangu Saleha akiwa msichana. Zilikuwa ndogo, ngumu, ganda nene, kama matunda yaliyoota pasipo mvua ya kutosha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Kahaso. Hizi ni ndimu au kokoto?"

"Ndimu za kwetu ni kama watu wa kwetu. Zibembeleze kwanza, ndipo utakapoona maji." Akaketi kwenye kizingiti, akajipepea na ncha ya leso. "Nasikia leo mnamuuliza mtoto."

"Ndivyo tulivyoahidi."

"Kwetu mwana haulizwi, Mzee. Huambiwa."

"Na akikua akisema alionewa?"

"Akikua? Siku hiyo wewe utakuwapo?" Kahaso alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwa Saleha, na Saleha alikuwa ameinamia tikiti lake.

Walizibembeleza ndimu. Rashad alizitia katika beseni la maji ya vuguvugu, kisha akaziviringisha moja moja juu ya meza kwa kiganja, akiegemeza kifua chake chote, hadi zikalegea. Babu alizikwangua maganda kwa kisu chembamba, akihadhari asiguse nyama nyeupe iliyo chini, kwa kuwa hiyo ndiyo huleta uchungu. Akayasugua maganda hayo pamoja na sukari kwa upande wa kijiko mpaka sukari ikawa kijani na ukumbi mzima ukanukia. Shira ilipochemka ikateremshwa, sukari ile ikatiwa humo, na maji ya ndimu yakachujwa juu yake kwa kitambaa. Jagi la kwanza liliachwa jeupe. La pili lilitiwa maji ya tikiti, likawa jekundu. La tatu lilitiwa nanaa iliyopondwa kinuni. Katika vipande vya barafu Saleha alikuwa amegandisha mabuyu mekundu, kokwa moja kila kipande, na midomo ya bilauri aliipaka ndimu akaichovya katika sukari ili kila mtoto aanze kulamba kabla ya kunywa.

"Onja, babu."

Mzee alionja. Alikaa na kijiko mdomoni kwa muda.

"Inanyweka," alisema, na Rashad alijua kwamba hiyo ni sifa kubwa.

Kisha akamfundisha kuwaandikia wageni kinywaji, kama yeye alivyofundishwa katika meza ndefu za bweni alipokuwa wa zamu. Mwenye jagi hatazami rafiki yake ni nani. Hutazama nani hajapata. Mwenye jagi hunywa mwisho. Rashad alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, akalishika jagi kwa mikono miwili, akajaribu mara kwa mara na maji matupu mpaka akaacha kumwaga.

Watoto wa chuo cha Kurani na wa majirani walipokuja, ua ulijaa makelele. Saleha alitia chembe za magadi ya kupikia katika kila bilauri, na sharubati ilipomiminwa juu yake povu lilipanda ghafla hadi ukingoni, na watoto wakapiga ukelele kila mara kana kwamba hawakuona la kabla yake. "Yangu imepanda zaidi!" "Yako imemwagika, mjinga wewe!" "Nitie nyekundu, Rashad, nyekundu!" Saleha alicheka nao. Alikuwa amejifunga leso kiunoni na nanaa ilikuwa imemganda nyweleni, na Mzee Mbaruk, akimtazama kutoka barazani, alikumbuka kwamba hakumwona bintiye akicheka hivyo tangu siku alizokuwa mke wa mtu.

Farid aliingia karamu ikiwa katikati. Alivaa kanzu safi, kofia ya kufuma, na kucha zake zilikuwa bado na weusi wa mpira. Mikono ilikuwa mitupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu, Farid."

"Nimeona nisije na zawadi leo," alisema kwa sauti ya chini. "Isije ikasemwa."

Mzee Mbaruk aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Ilimuuma kwamba alipendezwa na mtu huyu.

Farid alikwenda kuketi kwenye benchi la ukutani, peke yake, kwa kuwa kina mama walikuwa ndani na watoto walikuwa na shughuli zao. Rashad alimwona. Aliwapita rafiki zake waliokuwa wakimnyooshea bilauri kwa mara ya tatu, akaenda kwa baba yake na jagi jekundu, akamtilia pole pole.

"Umeitengeneza wewe?"

"Mimi na babu na mama." Rashad alisimama akimngoja anywe. "Siku hizi nani anakupikia, baba? Bibi, mama yako, hayupo tena."

"Mkate nanunua. Maziwa Mariakani hayakosekani."

"Unakula na nani?"

"Na redio," alisema Farid akicheka. "Redio haimalizi mkate."

Rashad hakucheka. Alilitazama benchi, akamtazama baba yake, akaondoka na jagi lake.

Watoto walipokwisha kuondoka, wale wanne waliketi ukumbini. Kahaso alibaki uani akiosha vyombo, na hata yeye aliacha kuvigonganisha. Mzee Mbaruk aliuliza yeye, kwa maneno aliyoyatayarisha, bila kuyatia joto wala baridi.

"Rashad, sasa una akili yako. Mama yako anakupenda, na baba yako anakupenda. Ungependa kukaa na nani?"

"Nikisema, kuna mtu atakasirika?"

"Hapana."

Mtoto alizitazama nyayo zake, zilizokuwa zimenata kwa sukari.

"Nitakwenda na baba."

Saleha aliweka kiganja juu ya meza, kama anayetaka kuizuia isisogee.

"Nyinyi mko wawili," Rashad aliendelea haraka, akimwelekea babu yake. "Baba ana redio tu."

Saleha akamgeukia mzee, akasema, "Baba. Sema kitu."

Farid ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Mzee, ukiona mtoto bado mdogo, sitapinga. Nitarudi mwakani. Wallahi sitapinga."

Neno lilikuwa tayari ulimini mwa Mzee Mbaruk. Bado mdogo: maneno mawili, na mtoto angelala kitandani mwake usiku ule, na asubuhi angemsikia akiburuta kigoda kwenda jikoni. Alilitamani neno hilo kama mwenye kiu. Lakini mbele yake alikaa mtu aliyekuja mikono mitupu kwa kuiheshimu ahadi, na mtoto aliyejibu kwa haki, na yeye mwenyewe alikuwa amesema mbele ya wazee kwamba jibu halitapingwa.

"Ameulizwa," alisema. "Amejibu."

Saleha aliinuka akaenda kufunga nguo. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Walimsikia akifungua kabati, akifunga, akifungua tena. Aliporudi na begi alikuwa amejikaza. Alimvalisha mwanawe viatu, akamfuta sukari miguuni, akambusu utosini, akamwambia asisahau kusoma aya zake kabla ya kulala. Kisha akaingia chumbani, kwa sababu hakutaka aonekane.

Mzee Mbaruk ndiye aliyewasindikiza hadi langoni. Farid alitia begi nyuma ya pikapu. Rashad alikwisha kuweka mguu kwenye kidato cha gari, akaushusha, akarudi mbio.

"Babu."

"Naam."

"Nimefanya vizuri?"

Moyo wa mzee ulijaa. Huyu alikuwa kazi ya mikono yake. Mtoto mdogo hivi, na ameweza lililowashinda watu wazima wengi. Aliinama, akamshika mabega yote mawili.

"Umefanya vizuri sana. Umefanya kama mwanamume."

Rashad hakuondoka. Aliendelea kumtazama usoni, kama anayengoja maneno yaliyosalia. Hayakuja. Midomo ikaanza kumtetemeka, akageuka kwa ghafla, akapanda garini, na Farid akaufunga mlango.

Gari lilipokwisha kupotea, Saleha alikuwa nyuma ya baba yake, ushungi begani.

"Alirudi kukuuliza nini?"

"Aliniuliza kama amefanya vizuri."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia kweli."

Saleha alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, na hilo lilimtisha kuliko hasira.

"Alikuwa akikuomba umzuie, baba."

Akarudi ndani. Mzee Mbaruk alibaki langoni. Gari lilipoondoka alikuwa amesimama wima, mkono juu, macho mbele, kama walivyofundishwa kuaga; na sasa alijaribu kukumbuka kama mtoto alitazama nyuma, asijue.