Meza Iliyoona Haya

"Usiniite mwanangu mbele ya wateja."

"Nikuite nani sasa? Mjomba?"

"Niite fundi, kama wengine."

"Wengine sikuwazaa."

"Mama, leo sitaki utani. Mwenye mgahawa anakuja saa nne. Anataka meza kumi na mbili za bustanini. Akijua kampuni yenyewe ni mtu na mama yake, atacheka mpaka barabarani."

"Atachoka, atatafuta pa kukaa. Meza si tunazo?"

Mama aliendelea kuchekecha. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karai katikati ya miguu, na saruji nyeupe ilishuka pamoja na unga wa rangi ya buluu kupitia chekecheo lake la jikoni. Zamani fundi alikuwa anatupia rangi kwenye zege ambalo tayari lina maji, na meza zote zilitoka na mistari kama punda milia mgonjwa. Mama ndiye aliyesema rangi ichanganywe kavu, ichekechwe mara tatu, maji yaje mwisho tena kwa kikombe, maana yakizidi rangi inapauka. Hakusomea popote. Alisema unga ni unga tu, hata ukiwa wa saruji. Kibao cha mlangoni kiliandikwa "Mtaalamu wa Zege la Rangi". Mtaalamu alikuwa mmoja.

Mwenye mgahawa alifika saa nne na robo, miwani ya jua ameipandisha kichwani. Meza ya kwanza ilikuwa imelala siku tisa kwenye boksi lake la mbao, kifudifudi, imefunikwa nailoni na kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Fundi na dereva wa pikapu aliyekuja kubeba meza waliligongagonga boksi kwa nyundo, wakang'oa mbao, wakaigeuza na kuikalisha kwenye miguu yake. Ilikuwa buluu, safi, bila doa hata moja.

Mwenye mgahawa akapitisha kiganja. "Laini kama sabuni. Rangi umeipataje hivi?"

Mama, pale kwenye ndoo, akatabasamu na kufungua mdomo.

"Na huyu nani?" mwenye mgahawa akauliza.

"Kibarua," fundi akasema. "Ananifagiliafagilia."

Mama akafunga mdomo. Akainuka, akachukua ufagio, akafagia.

Hapo ndipo meza ikaiva. Ilianzia kwenye pembe iliyokuwa karibu na fundi, ikatambaa mpaka katikati, ikashuka miguuni. Ikawa nyekundu tupu, nyekundu ya tofali la kuchoma. Mwenye mgahawa akashusha miwani, akaipandisha tena.

"Mimi nilisema buluu."

"Ni buluu, bosi."

"Hii?"

Fundi akaingia stoo kuleta mfuko wa rangi uliobaki, amwonyeshe. Alipoingia, meza ikarudi buluu. Alipotoka, ikawa nyekundu. Akaingia tena, akatoka tena, ikawa vilevile. Mwenye mgahawa alikuwa mtu wa biashara, hakutaka hadithi ndefu.

"Basi ni wewe," akasema. "Ukisogea, inaona haya."

"Kwa shemeji yangu kuna mlango wa hivyo," dereva akasema. "Akiufungua yeye, unalia. Wakifungua watu wengine, kimya."

"Walifanyaje?"

"Anapitia dirishani."

Wakaelewana. Fundi apewe siku mbili za kuirekebisha. Ikishindikana, kibarua aipeleke mgahawani, fundi mwenyewe abaki huko kwake. Oda itategemea hiyo.

Siku mbili hizo fundi alihangaika. Akaisugua kwa msasa wa maji mpaka vidole vikachubuka. Akaipiga vanishi ya kuzuia mvua mara tatu, na wekundu ukapenya kwenye vanishi kama hakuna kitu. Alijaribu kuijia kinyumenyume. Alijaribu kofia ya dereva. Meza haina macho, lakini ilimjua.

Yeye mwenyewe uso ulikuwa mkavu kama ubao, na ndivyo ulivyokuwa tangu utotoni. Darasa la tano mama alimletea viatu mpaka mlangoni pa darasa, naye akawaambia wenzake yule ni jirani. Uso haukucheza hata kidogo.

"Dawa yake unaijua," mama alisema wakati wanakula. "Ni neno moja tu, lile unaloniita tukiwa wawili. Hata ukilisema taratibu."

Fundi akanawa mikono, akarudi kwenye msasa.

Asubuhi ya siku ya tatu mama akapanda pikapu na meza. Fundi aliambiwa abaki, lakini miguu haikukubali. Akafuata kwa miguu, akasimama nje ya geti la mgahawa, nyuma kidogo ya nguzo. Bustani ilikuwa imejaa watu wa chai. Meza ilikuwa imeshawekwa katikati, na mama alikuwa anaifuta kwa kitambaa chake.

"Umefanya kazi na fundi siku nyingi, mama?" mwenye mgahawa akauliza.

"Siku nyingi, bosi."

"Anakuheshimu?"

"Anajitahidi."

"Na kwako una watoto?"

Mama akafuta palepale alipokwisha kufuta. "Ninaye mmoja," akasema, kwa sauti ya kufika getini. "Wa kiume."

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi."

"Kama huyu?"

"Kama huyu huyu."

Akasubiri. Hakugeuza shingo, ila kitambaa kilisimama. Toka getini mpaka mezani ni hatua kumi na mbili, na toka kooni mpaka mdomoni ni karibu zaidi. Fundi akatoka nyuma ya nguzo, akafungua mdomo. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Watu wa chai wakainua vichwa, wanaume wenye mashati yaliyopigwa pasi, na mmoja wao alikuwa mteja wake wa mwezi uliopita.

Pembe ya meza ikaanza kuiva.

"Aa, yupo hapa karibu," mwenye mgahawa akasema, akaangaza macho mpaka akamwona. "Fundi! Sogea huko bwana, unaniharibia rangi!"

Watu wakacheka kidogo, bila ubaya. Mama hakucheka.

"Samahani, bosi," fundi akasema.

Akageuka, akaondoka. Alikuwa hajafika hata kona alipomsikia mwenye mgahawa akisema, "Hapo sasa. Hiyo ndiyo buluu yenyewe. Mwambie bosi wako alete na zile kumi na moja," na mama akijibu, "Nitamwambia." Akakaza mwendo.