Beki Asiye na Picha

Kombe lilikuwa limekaa siku ya tatu juu ya kabati la ofisi ya klabu, na kila aliyepita aliligusa. Komeo, beki wa kati, hakuligusa. Alinyoosha hadi chumba cha fundi wa video, dada mmoja asiyeishiwa maneno, akavuta kiti.

"Dada, naomba kipande kimoja tu. Binti yangu anataka kuniona nikicheza. Wenzake shuleni wanasema anawadanganya."

Binti alikuwa na miaka tisa. Tangu wazazi waachane aliishi na mama yake, safari ya siku mbili kutoka hapo, na baba alimsikia kwenye simu tu, tena siku mtandao ukipenda. Kipande hicho alikuwa ameahidiwa kukipata siku hiyo. Ahadi ni deni, na Komeo alikuwa ameshavunja nyingine kadhaa.

"Msimu mzima, kaka, tukose kipande?" Dada alicheka, akafungua kompyuta.

Wakakosa. Kamera hufuata mpira, na kazi ya Komeo ilikuwa kuhakikisha mpira haufiki kwake. Aliziba njia kabla pasi haijapigwa, mpinzani akaghairi, akarudisha nyuma, na kamera ikaondoka naye. Nani atapiga picha ya jambo ambalo halikutokea? Walioshika nafasi ya pili walifunga magoli mara mbili ya timu ya Komeo, wakaambulia makofi tu. Kina Komeo walishinda mechi kumi na moja kwa bao moja bila: goli la kubahatisha, kisha mlango ukafungwa. Kinga ni bora kuliko tiba, kocha hakuchoka kusema. Lakini siku ya sherehe aliyebebwa juu juu ni mfungaji. Komeo alibaki chini, ameshika viatu vya watu.

Saa mbili zikapita. Mgongo wake waliupata. Kisigino. Nusu ya bega kwenye kona ya picha.

"Ipo hii," dada alisema mwishowe, taratibu. "Hutaipenda."

Ilikuwa mechi pekee waliyofungwa. Mshambuliaji anampiga chenga, Komeo anateleza, anaanguka kifudifudi, mpira unaingia wavuni. Hapo ndipo kamera ilipomsogelea: uso mzima, nyasi mdomoni, mtangazaji akilitaja jina lake mara tatu.

"Nipe hiyohiyo."

"Kaka, hii ni aibu. Watamcheka mtoto."

"Wakimcheka, si watakuwa wameniona?"

Akaituma, akarudi kwenye chumba chake cha kupanga, akafua soksi, akajilaza na simu kifuani. Upweke wa uwanjani alishauzoea, maana kule nyuma mwenzako ni kipa tu. Wa chumbani ulimshinda. Alitamani kukifuta kile kipande, ila kilikuwa kimeshakwenda.

Jioni simu ikatoa mlio wa ujumbe.

"Baba nimekuona. Ulipoanguka uliumia wapi?"

Komeo akainuka, akakaa kitako. Kwa goli lile wenzake walimnunia wiki nzima, kocha akamweka benchi, magazeti yakaandika mpaka yakachoka. Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Goti la kushoto," akaandika. "Bado linauma, mwanangu."